Wataalamu Wageni wa Amani na Haki: Fedha ya Chuo Kikuu Inunue Muda, Isinunue Jina

Katika bajeti ya chuo kikuu yapo mafungu ambayo kila mtu huyapigania, kama vile mishahara, mabweni na maabara, na yapo mengine yanayopita kikaoni bila mjumbe hata mmoja kuinua mkono. Fungu la wataalamu wageni ni la aina hii ya pili. Ni dogo, halina mwenyewe, na mara nyingi hukumbukwa pale mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa na mkuu wa idara akaambiwa atumie kilichobaki, la sivyo kitarudi makao makuu ya chuo. Hata hivyo, katika fani ya amani na haki za kimataifa fungu hili lina uzito usiolingana na ukubwa wake, kwa kuwa sehemu kubwa ya ujuzi wa fani hii haikai vyuoni. Iko kwa majaji waliomaliza vipindi vyao, kwa wapelelezi waliofukua makaburi ya halaiki, kwa wasuluhishi waliokesha na pande mbili zisizotaka kukaa chumba kimoja, kwa wakalimani wa mahakama na kwa mawakili wa waathirika. Profesa wa kudumu anaweza kuwafundisha wanafunzi Mkataba wa Roma wa 1998, ulioianzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kifungu kwa kifungu, lakini ni vigumu awaeleze jinsi mpelelezi anavyoamua kutomwita shahidi muhimu kwa sababu usalama wake hauwezi kuhakikishwa, kama hajawahi kuufanya uamuzi huo yeye mwenyewe.

Ndiyo maana vyuo hualika wageni, na ni haki vialike. Ninachokitilia shaka ni namna fedha hizo zinavyotumika. Mgeni anaweza kulipwa kwa ajili ya muda wake, yaani miezi ya kukaa, kufundisha, kusoma kazi za wanafunzi na kuandika. Au anaweza kulipwa kwa ajili ya jina lake, yaani saa moja jukwaani, picha na taarifa kwa vyombo vya habari. Malipo ya kwanza yameacha matunda ambayo historia ya sheria ya kimataifa inayafahamu vizuri. Malipo ya pili huacha bango ukutani. Kwa bahati mbaya, taratibu za fedha za vyuo vingi zimejengwa kwa namna inayorahisisha malipo ya pili na kuyafanya ya kwanza kuwa ya taabu.

Mfano wa matunda hayo ni wa Raphael Lemkin. Mwanasheria huyu Myahudi kutoka Poland aliikimbia nchi yake baada ya uvamizi wa Ujerumani wa Septemba 1939, akapitia Lithuania hadi Sweden, ambako alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Stockholm huku akikusanya amri na sheria ambazo Wajerumani walikuwa wakizitangaza katika nchi walizozikalia. Mwezi Aprili 1941, baada ya safari iliyomzungusha kupitia Urusi na Japani, alifika Marekani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina. Mwaliko huo haukutoka kwa ofisi ya uhusiano wala kwa mfadhili. Ulihangaikiwa na Malcolm McDermott, profesa wa sheria wa hapo Duke, ambaye alikuwa ameshirikiana na Lemkin kutafsiri kanuni ya adhabu ya Poland. Wakati huo Lemkin hakuwa jina kubwa Marekani. Alikuwa mkimbizi mwenye masanduku ya nyaraka. Duke ilimpa nafasi ya kufundisha, na kwa nafasi hiyo ikampa kituo cha kutulia na maktaba ya sheria, kabla hajahamia Washington mwaka uliofuata kuwa mshauri wa serikali.

Zile amri alizokuja nazo ndizo zilizojenga kitabu chake cha 1944, ambacho ndani yake alitambulisha dhana ya mauaji ya kimbari na kupendekeza namna sheria inavyopaswa kuyakabili. Kitabu hicho kilichapishwa na Carnegie Endowment for International Peace, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa dola milioni 10 za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani. Tarehe 9 Desemba 1948 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Nusu karne baadaye, tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo. Sisemi kwamba Duke iliyaona haya yote mwaka 1941, wala kwamba Lemkin asingeyafanya bila Duke. Ninachosema ni kwamba mkaguzi wa hesabu aliyepitia vitabu vya chuo mwishoni mwa mwaka huo angeona mhadhiri mgeni asiye na umaarufu, anayezungumza Kiingereza chenye lafudhi nzito, na angeweza kuuliza kwa nini fedha hizo hazikutumika kumleta mtu anayejulikana.

Lemkin hakuwa peke yake. Mwaka 1933, Wanazi walipoanza kuwafukuza wahadhiri kazini, William Beveridge na wenzake waliunda nchini Uingereza baraza la kuwasaidia wanazuoni waliofukuzwa, ambalo lipo hadi leo kwa jina la Cara. Na New York, Alvin Johnson alichangisha fedha za kuanzisha ndani ya New School kitengo kilichoitwa Chuo Kikuu cha Uhamishoni. Hans Kelsen, mwananadharia mkubwa wa sheria, aliondolewa Cologne mwaka huohuo, akafundisha Geneva, akafika Marekani mwaka 1940 na hatimaye akatulia Berkeley. Utaratibu huo umerithiwa na mtandao wa Scholars at Risk ulioanzishwa mwaka 1999 na mfuko wa Scholar Rescue Fund ulioanza mwaka 2002. Kinachonivutia katika mipango hii ni kipimo chake cha muda. Kwa kawaida hupima msaada kwa mwaka au muhula, na mara nyingi mwenyeji hutakiwa kuchangia sehemu yake, jambo linalomfanya afikiri mapema kuhusu kile atakachofanya na mgeni wake.

Sasa mipango hiyo ilinganishwe na ziara ya kawaida ya siku hizi, ambayo msomaji aliyewahi kukaa chuoni ataitambua. Mgeni anawasili jioni, amechoka na safari ya ndege. Asubuhi anapelekwa kwa makamu mkuu wa chuo kusaini kitabu cha wageni, wanapigwa picha, anakunywa chai na wakuu wa idara, kisha anapelekwa ukumbini ambako utambulisho wake unachukua dakika kumi na tano kwa sababu wasifu wake umesomwa wote. Anazungumza kwa dakika arobaini. Mwenyekiti, akitazama saa, anachukua maswali matatu kwa mkupuo, mawili kati yake kutoka kwa wahadhiri, na la tatu kutoka kwa mwanafunzi aliyeambiwa afupishe. Jioni kuna chakula cha wachache walioalikwa, na alfajiri gari linampeleka uwanja wa ndege. Tiketi ya daraja la biashara, hoteli, honoraria (yaani malipo ya heshima ya mzungumzaji) na chakula cha jioni vikijumlishwa, hufikia kiasi ambacho kingemweka mtafiti kijana chuoni kwa majuma mengi.

Jaji aliyeamua kesi ngumu anaweza kusema jambo moja katika dakika hizo arobaini likabaki kichwani mwa mwanafunzi maisha yake yote, na mimi sidharau hilo. Lakini tangu mwaka 2020, janga la Uviko lilipovilazimisha vyuo kufundisha kwa njia ya video, hoja ya kumsafirisha mtu kwa ajili ya saa moja imedhoofika mno. Mhadhara unaweza kusikilizwa kwa video, na maswali yakawa mengi zaidi ya matatu. Kwa hiyo fedha ya safari inapaswa kujitetea kwa yale ambayo video haiyawezi: kusoma rasimu ya tasnifu na kukaa na mwandishi wake kwa mara ya tatu baada ya mbili za kwanza kushindwa, kuwapitisha wanafunzi kumi katika jalada la kesi ukurasa kwa ukurasa hadi waone ushahidi ulipolegea, kuzungumza bila kinasa sauti kuhusu mazungumzo ya amani yaliyovunjika na nani hasa aliyavunja. Mambo haya hayatokei siku ya kwanza. Mgeni anahitaji kuwafahamu watu anaozungumza nao, na wao wanahitaji kuacha kumwogopa.

Wapo waliolitambua hili. Mpango wa Carnegie unaowaunganisha wanazuoni wa Kiafrika waliopo Marekani na Kanada na vyuo vya Afrika, ulioanza mwaka 2013, umeweka muda wa ziara kuwa kati ya siku 14 na 90, na chuo mwenyeji ndicho kinachoandika mradi na kueleza kinamhitaji mgeni kwa kazi gani. Siku 14 ni chache, lakini zinatosha kuufanya mhadhara wa jukwaani uwe sehemu ndogo ya ziara. Jambo la pili, la mwenyeji kuandika mahitaji yake kwanza, naliona kuwa na uzito kuliko hata idadi ya siku, kwa sababu linaondoa ule mtindo wa mgeni kuja kwanza na kazi kutafutwa baadaye.

Upo pia mfano wa zamani unaoonyesha kwamba hata ziara fupi inaweza kufanywa ndefu kwa sharti moja tu. Chuo cha Sheria ya Kimataifa cha The Hague, kilichoanza kufundisha mwaka 1923 kwa msaada wa fedha za Carnegie, hakikujengwa juu ya maprofesa wa kudumu. Kila mwaka hualika walimu kutoka duniani kote kwa kozi fupi za kiangazi, na mihadhara yao huandikwa na kuchapishwa katika mfululizo wa majuzuu ambao sasa umekuwa rejea ya lazima katika maktaba za sheria. Mgeni huondoka, lakini maandishi hubaki, na mwanafunzi ambaye hakuwahi kufika The Hague huyasoma miaka thelathini baadaye. Chuo chochote kinaweza kuweka sharti la namna hiyo katika barua ya mwaliko: sehemu ya mwisho ya honoraria italipwa baada ya andiko kukabidhiwa. Sharti hilo haliongezi gharama yoyote, na linawachuja mapema wale wanaozunguka vyuo kumi na hotuba moja.

Fedha zenyewe hutoka wapi? Swali hili ni la msingi kwa sababu chanzo cha fedha ndicho kinachoamua muda. Fungu la bajeti ya kawaida hukatwa la kwanza chuo kinapobanwa, kwa hiyo mkuu wa idara hawezi kumwahidi mtu muhula wa mwaka ujao. Anaweza tu kumwalika kwa wiki ijayo. Ruzuku ya mradi hudumu miaka miwili au mitatu, na huja na mada iliyokwisha kuchaguliwa na mtoaji. Chanzo kinachoweza kubeba ahadi ya muda mrefu ni mfuko wa wakfu, ambao mtaji wake huwekezwa na ni faida tu inayotumika. Vyuo vingi vyenye mifuko ya aina hii hutumia kati ya asilimia 4 na 5 ya thamani ya mfuko kwa mwaka, maana yake ni kwamba dola milioni 1 huzaa dola 40,000 hadi 50,000. Kiasi hicho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani wanaposikia neno milioni. Katika nchi ambako maisha ni ghali hakitoshi mshahara wa profesa wa mwaka mzima, bali kinaweza kumhudumia mgeni mmoja kwa muhula au wawili kwa miezi miwili miwili. Kikigawanywa katika mihadhara kumi na miwili ya saa moja kitakwisha vilevile, tofauti ikiwa ni kwamba mwishoni mwa mwaka hakutakuwa na wa kumwonyesha.

Wakfu una tatizo lake, nalo ni mkono wa aliyetoa. Kiti cha kwanza duniani cha uprofesa wa siasa za kimataifa kilianzishwa mwaka 1919 huko Aberystwyth, Wales, kwa mchango wa pauni 20,000 wa David Davies na dada zake Gwendoline na Margaret, kwa kumbukumbu ya wanafunzi waliokufa vitani, na kikapewa jina la Woodrow Wilson. Davies aliamini kwa moyo wote katika Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, na alitumaini kwamba kiti chake kingelitetea. Mwaka 1936 chuo kilimteua E. H. Carr, mwanadiplomasia wa zamani, kinyume na matakwa ya Davies, na Carr akakitumia kiti hicho kukosoa vikali matumaini yaleyale yaliyokianzisha. Davies alikasirika, lakini Carr alibaki katika nafasi hiyo hadi mwaka 1947. Leo yeyote anayesoma uhusiano wa kimataifa humsoma Carr, awe anakubaliana naye au hakubaliani. Kama uteuzi ungekuwa mikononi mwa mfadhili, kiti kingebaki kuwa mimbari ya imani moja, na fani nzima ingekosa mjadala uliokuja kuikomaza.

Fani ya amani inahitaji kuwa macho zaidi katika hili kuliko fani nyingine, kwa kuwa wafadhili wake huja na dhamira njema, na dhamira njema ni ngumu kukataliwa kuliko biashara. Kampuni ya dawa inayotaka kumchagua profesa wa famasia itashtukiwa na kila mtu. Mzee mkarimu anayetaka chuo kimlete msuluhishi anayempenda hushukuriwa, hupewa kiti cha mbele, na hakuna anayethubutu kumuuliza kwa nini asialikwe mwingine mwenye maoni tofauti. Mkataba wa wakfu unapaswa kusema wazi kwamba mfadhili anataja eneo la taaluma na kuishia hapo, na kwamba jina la mgeni linatoka kwa kamati ya wanataaluma ambayo mfadhili hana kura ndani yake.

Nani basi aitwe mtaalamu? Joan Kroc, mjane wa Ray Kroc aliyeijenga McDonald's, alipofariki mwaka 2003 aliacha wosia wa dola milioni 50 kwa taasisi ya amani ya Chuo Kikuu cha Notre Dame na milioni 50 nyingine kwa taasisi ya amani na haki ya Chuo Kikuu cha San Diego. San Diego ilikuwa na mpango ambao nauona kuwa wa kuigwa: ilileta wanawake waliofanya kazi ya amani katika jamii zilizokuwa na vita, ikawapa wiki kadhaa za kukaa chuoni, na kumweka kila mmoja pamoja na mwandishi ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuyaandika maisha na mbinu za mgeni wake. Wengi wa wanawake hao wasingepita katika kamati ya kawaida ya uteuzi, kwa sababu kamati huanza kwa kuuliza shahada na idadi ya machapisho. Mtu aliyefanikiwa kuwashawishi wapiganaji wa kijiji chake kurudisha watoto waliowateka hana makala katika jarida lolote. Anacho kitu ambacho mwandishi wa makala angetoa mengi akipate, na kinachohitajika ni chuo kulipia pande zote mbili, yaani mwenye kusimulia na mwenye kuandika. Gharama ya mwandishi ndiyo ambayo bajeti nyingi huisahau.

Hapa ndipo taratibu za fedha zinapowaumiza watu walewale ambao mpango unadai kuwalenga. Chukua utaratibu wa kurejeshewa gharama, ambao karibu kila ofisi ya fedha inaupenda kwa sababu unalinda hesabu. Mgeni anaambiwa anunue tiketi mwenyewe, alipie viza na bima mwenyewe, atunze stakabadhi na pasi za kupandia ndege, kisha awasilishe fomu baada ya safari na asubiri siku 30 hadi 60. Kwa jaji mstaafu mwenye pensheni huu ni usumbufu tu. Kwa mwanaharakati anayeishi katika kambi ya wakimbizi, asiye na kadi ya benki inayokubalika nje wala akiba ya kutosha tiketi ya bara jingine, utaratibu huu ni mlango uliofungwa kwa adabu. Atajibu barua kwa shukrani kwamba majukumu yamembana, na chuo kitaandika katika ripoti kwamba kilimwalika. Njia za kulitatua jambo hili zipo na hazihitaji mapinduzi: chuo kinunue tiketi moja kwa moja kutoka kwa wakala wake, na mfanyakazi wa idara achukue masurufu kwa jina lake kwa ajili ya posho ya mgeni na ayarejeshe baadaye, kama inavyofanyika kwa safari nyingine za kikazi.

Sheria za nchi nazo zina sauti yake. Nchini Marekani, mgeni mwenye viza ya biashara ya muda mfupi anaruhusiwa kupokea honoraria ya chuo kwa shughuli isiyozidi siku tisa katika chuo kimoja, na kutoka vyuo visivyozidi vitano ndani ya miezi sita. Malipo hayo hukatwa kodi ya asilimia 30 kama hakuna mkataba wa kodi unaomwokoa. Tazama jinsi kanuni hii inavyofanya kazi kimyakimya: inamruhusu msemaji wa kuzunguka na kumzuia mwalimu wa muhula. Chuo kinachotaka kumweka mgeni kwa miezi mitatu lazima kiombe viza ya aina nyingine, ambayo inahitaji karatasi zaidi, muda zaidi na afisa anayeijua kazi hiyo. Idara isiyo na afisa wa namna hiyo itachagua siku tisa, na baadaye itajieleza kwamba ndivyo mgeni alivyopendelea.

Lipo pia fungu ambalo vyuo vinalilipa bila kuliandika popote. Wataalamu huru wanaoteuliwa na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kufuatilia hali ya nchi fulani au mada fulani, kama mateso au uhuru wa kujieleza, hawalipwi mshahara na Umoja huo kwa kazi hiyo. Wanaweza kuhudumu hadi miaka sita, wakizuru nchi, wakiandika ripoti na kujibu malalamiko ya waathirika, na wengi wao huishi kwa mishahara ya uprofesa. Kwa maneno mengine, sehemu ya mfumo wa haki wa dunia inaendeshwa kwa saa ambazo vyuo vikuu vimekubali kuzifumbia macho. Chuo kinachotafuta namna ya kumpata mtaalamu wa kweli kingeweza kumpa mmoja wa watu hao muhula wa ofisi, msaidizi wa utafiti na mzigo mdogo wa kufundisha. Yeye angepata nafasi ya kuandika ripoti yake kwa utulivu, na wanafunzi wangeiona ikiandikwa. Sijui mpango wa mafunzo unaoweza kushindana na huo.

Pingamizi kubwa dhidi ya yote haya, ambalo sipendi kulipita haraka, ni la wahadhiri wa mikataba. Katika vyuo vingi masomo ya amani na haki yanafundishwa na watu wanaolipwa kwa saa, wasio na bima wala uhakika wa muhula ujao, na hao wana haki ya kuuliza kwa nini fedha zipatikane kwa mgeni zikakosekana kwao. Jibu kwamba mafungu ni tofauti ni la kihasibu na halimridhishi mtu. Nadhani wako sahihi kwa kiasi hiki: idara isiyo na walau wahadhiri wawili wa kudumu katika fani haistahili kuomba fedha za wageni, kwa sababu mgeni atakuta hakuna wa kuendeleza alichokianzisha, na akiondoka kila kitu kitaondoka naye. Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, ambako idara ya masomo ya amani ilianzishwa mwaka 1973 kwa juhudi za Waquaker, dhehebu la Kikristo linalopinga vita, waliochangisha fedha, ilianza kwa kumteua Adam Curle kuwa profesa. Curle alikuwa msomi, na pia alikuwa amesuluhisha katika vita vya Biafra nchini Nigeria. Yaani mtu wa vitendo aliajiriwa kwanza, na wageni waliokuja baadaye walimkuta mwenyeji anayejua cha kuwauliza.

Linabaki suala la siasa, ambalo miaka ya karibuni limetoka pembeni na kuingia katikati. Mpango wa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wanazuoni ulioanzishwa mwaka 1946 na ambao umesafirisha wahadhiri wageni wengi kuliko pengine mpango wowote mwingine wa serikali, uliegemea kwa miongo yake yote kwenye bodi huru ya uteuzi. Mwezi Juni 2025 karibu wajumbe wote wa bodi hiyo walijiuzulu, wakiituhumu serikali ya Marekani kwamba iliwakataa watu ambao bodi ilikuwa imekwisha kuwachagua. Vyuo vilivyozoea kumtegemea mfadhili mmoja kwa wageni wake vina kila sababu ya kulitafakari tukio hilo, na hasa vile vinavyofundisha haki, kwa kuwa mada zao ndizo zinazochunguzwa kwanza.

Lingine ni zito zaidi. Tarehe 2 Septemba 2020 serikali ya Marekani ilimwekea vikwazo Fatou Bensouda, aliyekuwa Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kwa sababu ya uchunguzi wa uhalifu wa kivita nchini Afghanistan. Mwezi Februari 2025 amri nyingine ya rais iliirudisha silaha hiyo, ikaanza na mwendesha mashtaka aliyefuata, Karim Khan, na baadaye kuwafikia majaji kadhaa. Mtu aliyewekewa vikwazo vya namna hiyo hawezi kulipwa honoraria na chuo cha Marekani, wala kupewa huduma, bila chuo kujiweka katika hatari ya adhabu. Maprofesa wa sheria waliokuwa wakiishauri mahakama au kufundisha pamoja na maafisa wake walijikuta wakiuliza kama semina ni kosa. Mara ya kwanza, yaani kwa vikwazo vya 2020, jaji wa New York alitoa zuio tarehe 4 Januari 2021 kwa hoja ya uhuru wa kujieleza, na vikwazo vikaondolewa mwezi Aprili mwaka huo na serikali iliyofuata. Waliofungua kesi hiyo walikuwa asasi moja ya kisheria na maprofesa wanne wa sheria, kwa majina yao wenyewe. Hakuna chuo kikuu kilichojiunga nao kama mlalamikaji, ingawa ni vyuo ndivyo vilivyokuwa vikiwaalika watu hao, na ni ukumbi wa chuo ambao amri ile ingeufunga. Chuo kinachoomba dola milioni 1 za wakfu wa mgeni wa haki za kimataifa kingefanya vyema kueleza, katika ombi hilohilo, ni nani atakayelipa wakili siku mgeni huyo atakapozuiwa kulipwa.